Blagoje Vidinić, kocha wa mabao tisa



Wazee wetu wa Manika wakikaa kungoja mkutano uanze, mazungumzo yanafika haraka kwa mpira, na mpira unafika haraka kwa mwaka wa 1974. Hapo jina moja linatajwa kwa hasira, jina la mzungu wa Yugoslavia, ambaye wanasema aliuza mechi. Vijana waliozaliwa ukimbizini, Zambia ao Angola, wanasikia vile na wanabeba vile vile walivyosikia. Tumeamua safari hii kusimulia maisha ya mtu huyo, juu tunaona anabebeshwa mzigo ambao si wake wote. Tena hadithi yake inagusa kitu ambacho kila mtu wa likelemba anakijua: feza ya wengi ikipita katika mikono ya wachache mbele ya kufika kwa wenye jasho.

Blagoje Vidinić alizaliwa mwaka wa 1934 huko Skopje, mji wa ufalme wa Yugoslavia wakati ule. Alikuwa kipa, na si kipa wa kubahatisha. Alilinda goli la Radnički ya Belgrade na akaitwa katika ekipe ya taifa. Mwaka wa 1956 alikuwa katika kikosi kilicholeta medali ya feza kutoka Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, na mwaka wa 1960 katika kile kilichochukua zahabu huko Roma. Mwaka huo huo wa 1960, mwezi wa saba, alisimama golini Paris katika fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la mataifa ya Ulaya. Yugoslavia ilifungwa 2 kwa 1 na Urusi ya Kisovieti, kisha dakika za kuongeza. Kwa hiyo mtu aliyekuja kwetu alikuwa ameonja mechi kubwa, za kushinda na za kushindwa.

Baadaye alicheza Uswisi kwa Sion, kisha akavuka bahari mpaka Marekani, akachezea Los Angeles Toros, San Diego Toros na St. Louis Stars, wakati mpira wetu wa miguu ulikuwa bado unatafuta nafasi kule mbele ya ule mwingine wanaoshika kwa mikono. Hapo miaka yake ya kucheza ilikuwa inaisha. Akageuka kuwa kocha, ao vile tunasema hapa, antrenere.

Afrika ilimpokea kwa mlango wa Moroko. Mwaka wa 1970 aliongoza ekipe ya Moroko katika Kombe la Dunia la Mexico. Mechi ya kwanza ilikuwa na Ujerumani ya Magharibi, na watu walingoja kuona chinjo. Kumbe Moroko ndiyo ilifunga ya kwanza, ikashika uongozi mpaka kipindi cha pili, na Wajerumani walipata bao la ushindi zikiwa zimebaki dakika kama 12 hivi. Ikaisha 2 kwa 1. Peru iliwafunga 3 kwa 0, lakini na Bulgaria walitoka 1 kwa 1, na ile ikawa pointi ya kwanza ambayo nchi ya Afrika ilipata katika Kombe la Dunia. Tunaomba msomaji aishike hiyo. Kocha ambaye wazee wetu wanasema hakujua kazi ndiye aliyekuwa kwenye benchi siku Afrika ilipata pointi yake ya kwanza.

Akaja kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nchi ilikuwa imebadilishwa jina mwaka wa 1971, ikaitwa Zaire, na huku kwetu Katanga ikaitwa Shaba. Mobutu alipenda mpira sawa vile alipenda kila kitu kinachoweza kupaza jina lake nje. Tangu mwaka wa 1966 alikuwa ameita nyumbani wachezaji Wakongomani waliokuwa Ubelgiji. Mwaka wa 1968 ekipe ya taifa ilichukua Kombe la Afrika huko Addis Ababa ikiwa na kocha Mhungaria, Ferenc Csanádi, na bao la fainali juu ya Ghana lilifungwa na Kalala wa Lubumbashi. Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilikuwa imebeba kombe la vilabu vya Afrika mara mbili, 1967 na 1968. Vita Club ya Kinshasa ilibeba lile la 1973. Kwa hiyo Vidinić hakukuta shamba lenye mawe. Alikuta watu wanaojua mpira na serikali yenye feza.

Ile feza ilitoka wapi? Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza sana, lakini wafadhili wa mbali pengine hawajui. Sehemu kubwa ya mapato ya serikali ilitoka katika shaba ya mkoa huu: Kolwezi, Likasi, Kipushi, Lubumbashi. Baba zetu waliofanya kazi Gécamines, wale wa Musonoi na Kapata, ndio waliolipia viatu vya Léopards, hata kama hakuna aliyewaambia asante. Mwanzoni mwa 1974 bei ya shaba kwenye soko la dunia ilikuwa juu sana. Kinshasa ilikuwa inatumia sawa vile bei hiyo haitashuka hata siku moja.

Vidinić alijenga ekipe yake na wachezaji waliokuwa wote wanacheza ndani ya nchi. Kutoka Mazembe alichukua kipa Kazadi Mwamba, mabeki Mwepu Ilunga na Mwanza Mukombo, na Bwanga Tshimen, ambaye mwaka wa 1973 alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika. Kutoka Kinshasa alichukua Kidumu wa Imana, aliyekuwa kapiteni, Kakoko, Mayanga, na Ndaye Mulamba wa Vita Club. Nusu ya mgongo wa ekipe ile ilikuwa ya mkoa wa shaba. Tunalitaja juu vijana wengi leo wanafikiri Léopards ilikuwa ya Kinshasa peke yake.

Ili kufika Kombe la Dunia walipaswa kupita Zambia na Moroko. Zambia, jirani yetu wa shaba, walifungwa Lusaka 2 kwa 0 na Kinshasa 2 kwa 1. Kisha, mwezi wa kumi na mbili 1973, Moroko ikaja Kinshasa. Ilikuwa ile ile Moroko ambayo Vidinić aliipeleka Mexico, na wengine kati ya wachezaji wale alikuwa amewafundisha mwenyewe. Zaire ikashinda 3 kwa 0. Moroko walilalamikia refa na wakakataa kucheza mechi ya marudio. Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kuingia Kombe la Dunia. Wale wanaosema kwamba kocha huyu alikuwa na moyo wa kuuza waangalie mechi hii kwanza. Mbele ya watoto wake wa zamani hakuonyesha huruma hata kidogo.

Mwezi wa tatu 1974, huko Misri, ilikuwa zamu ya Kombe la Afrika, na ndiyo sehemu ambayo tunaipenda zaidi katika maisha yake, juu ndipo kazi yake inaonekana wazi. Katika makundi hawakuwa wazuri sana: waliwashinda Guinea, wakafungwa na ndugu zetu wa Brazzaville, wakaiponda Maurisi. Nusu fainali wakawakuta wenyeji, Wamisri, nyumbani kwao. Misri ikaongoza 2 kwa 0. Ekipe nyingi hapo zingeomba tu isiwe 5. Léopards walirudi, wakafunga matatu, wakashinda 3 kwa 2. Ndaye alifunga mawili kati ya hayo.

Fainali ikawa Zaire na Zambia. Fikirini kidogo: nchi mbili zinazochimba mshipa mmoja wa shaba, mmoja upande huu wa mpaka, mwingine upande ule, zinakutana Cairo mbele ya watazamaji wachache tu, juu Wamisri walikuwa wamekwisha kutoka na hasira zao. Zambia ilifunga kwanza. Ndaye akasawazisha, akaongeza la pili dakika chache mbele ya mwisho wa muda wa kuongeza, na watu wakaanza kusherehekea. Zambia wakarudisha dakika ya mwisho kabisa. 2 kwa 2. Siku hizo hakukuwa kupiga penalti, wakarudia mechi siku mbili kisha. Zaire ikashinda 2 kwa 0, mabao yote mawili ya Ndaye. Jumla alifunga mabao 9 katika mashindano yale, na hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika kwa miaka mingi iliyofuata.

Tunataja tarakimu hiyo makusudi. Tisa ya Ndaye haikumbukwi na watu. Tisa nyingine ndiyo inakumbukwa.

Waliporudi na kombe, Mobutu aliwapokea kama wana wake. Waliahidiwa nyumba na gari. Kocha akawa mtu mkubwa Kinshasa. Miezi mitatu kisha wakapanda ndege kwenda Ujerumani ya Magharibi, wakiwa na mashati yenye kichwa cha chui kifuani, na pamoja nao wakapanda watu wengi wa wizara, washauri, na wakubwa ambao kazi yao katika mpira haikujulikana. Sisi tunaofanya kazi na miradi tunaijua sana misafara ya aina hiyo.

Tarehe 14 mwezi wa sita 1974, Dortmund, walicheza na Scotland. Walifungwa 2 kwa 0, mabao yote ya kipindi cha kwanza. Kwa ekipe iliyoingia mara ya kwanza, mbele ya watu wanaocheza ligi ya Uingereza, haikuwa aibu. Kipindi cha pili hawakufungwa hata moja.

Shida ilikuwa hotelini, mbali na uwanja. Wachezaji wenyewe walisimulia miaka mingi baadaye, Mwepu na Ndaye wakiwa kati yao, kwamba walijua primu zao hazitafika. Zilikwisha kuliwa na wale waliosafiri nao. Wakatishia kutocheza mechi ya pili. Mwisho wakakubali kuingia uwanjani, lakini kuingia uwanjani na kucheza ni vitu viwili.

Na mechi ya pili ilikuwa na nani? Yugoslavia, nchi ya kocha. Tarehe 18, Gelsenkirchen. Dakika ya 18 ilikuwa tayari 3 kwa 0. Mbele ya dakika 25 kufika Vidinić akafanya kitu ambacho watu hawajamsamehe mpaka leo: akamtoa kipa Kazadi, ambaye hakuwa na kosa kubwa, akamuingiza Tubilandu wa Vita Club, mfupi, baridi, bila kupasha mwili. Mara moja likaingia la nne. Katika fujo ile refa, Mkolombia, alipigwa teke kwa nyuma. Aliyepiga ni Mwepu, na baadaye alikiri mwenyewe. Aliyepewa kadi nyekundu ni Ndaye. Wakabaki 10, wakifungwa 6 kabla ya mapumziko, na 9 kwa 0 mwisho wa mchezo.

Hapo ndipo neno la kuuza lilizaliwa. Mtu wa Yugoslavia, mbele ya Yugoslavia, anatoa kipa wake mzuri. Tunaelewa kwa nini watu walifikiri vile, na kama tungekuwa tunasikiliza redio siku ile katika sité ya Musonoi, hata sisi tungefikiri vile. Lakini yameandikwa mambo mengine pia: kwamba kocha mwenyewe alieleza kisha mechi kuwa amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mwakilishi wa wizara ya michezo aliyekuwa karibu na benchi. Mwenye kujua namna mambo yalivyokuwa yakiendeshwa Zaire ya wakati ule hatashangaa.

Sisi maoni yetu ni haya. Hakuuza. Anayeuza mechi hahitaji mabao tisa, matatu yanatosha, na hajiachii jina lake lioze hivi. Tena ekipe ile ilikuwa imekwisha kuvunjika mbele ya mpira kuanza, juu ya feza, wala hakuna mbinu ya kocha inayoweza kuunga kitu kama hicho kwa siku nne. Lakini hatumsafishi kabisa. Kama amri ilitoka kwa mkubwa wa wizara, yeye ndiye aliyeitii. Alikuwa kipa katika ujana wake, na alijua kuliko wote ni nini kinamfika kipa anayetolewa mbele ya dunia nzima kisha dakika ishirini, na ni nini kinamfika yule anayeingizwa. Angeweza kukataa, wangemfukuza, na pengine angeondoka na heshima. Hakukataa.

Kwa mechi ya tatu alimrudisha Kazadi golini. Ilikuwa Brazil, tarehe 22, uwanja ule ule. Mwepu alisimulia kwamba watu wa Mobutu walikuja kuwaambia wakifungwa kupita matatu wasirudi nyumbani. Brazil ilihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao matatu ili iipite Scotland, na ilipata yale matatu, la mwisho likiteleza chini ya Kazadi zikiwa zimebaki dakika kama kumi. Halikuingia la nne. Karibu na mwisho Brazil walipata mpira wa adhabu, na mbele ya kupigwa Mwepu alitoka mbio katika ukuta akaupiga mbali. Dunia ilicheka. Walisema Waafrika hawajui sheria. Mwepu, beki wa Mazembe aliyekuwa amecheza mashindano yote ya Afrika, alijua sheria vizuri sana. Alieleza kwamba alitaka apewe kadi nyekundu atoke, juu hakuona sababu ya kuendelea kujiua kwa ajili ya wale waliokula feza yao. Kile kicheko kimemfuata mpaka alipokufa mwaka wa 2015.

Waliporudi hakukuwa na mapokezi. Na karibu wakati ule ule bei ya shaba ilianguka: kufika mwisho wa 1974 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata vita vya Angola vikafunga njia ya reli kwenda Lobito. Feza ya kuchezea mpira ikakosekana, kisha feza ya dawa, kisha ya mishahara. Mwaka wa 1977 na 1978 vita vikaingia hapa hapa, na wengi wenu mnaosoma mkabeba watoto na kuvuka mpaka wa Dilolo ao kushika njia ya Zambia. Hatusemi mabao tisa yalileta hayo. Tunasema tu kwamba mkono uliokula primu za wachezaji ulikuwa unakula mahali pengi kwa wakati mmoja.

Vidinić hakubaki. Kutoka 1976 mpaka 1979 aliongoza ekipe ya taifa ya Colombia, bila sifa kubwa na bila aibu kubwa. Kisha aliacha benchi, akafanya kazi na kampuni ya Adidas, na akakaa upande wa Strasbourg, Ufaransa. Alifariki huko mwisho wa mwaka wa 2006, akiwa na miaka 72. Nchi aliyoichezea, iliyotufunga tisa, ilikuwa imekwisha kuvunjika vipande, na Skopje yake ilikuwa mji mkuu wa nchi nyingine. Zaire nayo ilikuwa imerudi kuitwa Kongo tangu 1997.

Kuhusu Ndaye, kuna jambo ambalo watu waliorudi kutoka ukimbizini watalielewa haraka kuliko wengine. Mwaka wa 1994 alialikwa Tunisia kupewa heshima kwa yale mabao yake tisa. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walidhani ameleta feza, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi huko kama mkimbizi asiye na kitu. Mwaka wa 1998, katika Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, juu ilikuwa imesikika kwamba alikufa Angola katika ajali ya mgodi. Alikuwa hai, Cape Town. Aliishi miaka mingine 21, akafariki mwezi wa kwanza 2019 huko Johannesburg.

Wanachama wenye picha, kadi za kilabu ao magazeti ya miaka ile wanaombwa kuyaleta ofisini siku ya likelemba. Tutapiga nakala na kuyarudisha siku hiyo hiyo, mkononi mwa mwenyewe.